Fukusi Tuliowamwaga Malishoni

Mwezi wa Januari tulimwaga fukusi wazima ndani ya malisho ya dada yangu, Kathonzweni, kwa mikono yetu wenyewe. Nilikuwa nimewafuga mimi, Kitui, kwenye mabeseni ya plastiki yaliyofunikwa kwa neti, nikiwakatia nyasi mbichi asubuhi na jioni. Nilikuwa nimewasafirisha ndani ya sanduku la baridi, lile ambalo watu wa mifugo hubebea chanjo, ili joto lisiwaue njiani. Dada alishika mkebe mmoja, mimi mwingine. Tulipita katikati ya nyasi tukiwamwaga kidogo kidogo, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga na kuogopa kuzidisha. Na wadudu wenyewe ni wale wale waliokuwa wakimmalizia malisho.

Alipomaliza mkebe wake aliupigapiga kitako, akatazama ndani, akasema, "Basi. Nimewalisha bure miaka miwili, sasa naletewa na wageni."

Malisho hayo yalipandwa na marehemu mume wake. Ni mbeetwa, nyasi ya kwetu ambayo mbegu zake ni bapa, mtu asiyezijua anaweza kudhani amepandwa na kunguni kwenye suruali. Alizikusanya mwenyewe kando ya barabara, akazipanda kwenye mifereji ya kushika maji, akazilinda na mbuzi wa watu. Alipokufa alimwachia dada tangi la maji, ng'ombe wawili na hiyo nyasi. Watoto wao wako mbali na kila mmoja ana shida zake. Dada aliishi kwa maziwa, na mwaka ukiwa mzuri aliuza nyasi kavu kwa wafanyabiashara wa mifugo wanaotoka kaskazini-mashariki, ambao hupitisha mbuzi huko na kutafuta cha kuwalisha njiani.

Kisha nyasi ikaanza kufa kwa madoa. Mwanzoni alidhani ni mchwa. Akishika shina na kulivuta, lilitoka lote bila mizizi, kama nywele za mtu aliyeugua sana. Fukusi mkubwa hutafuna majani, na hilo nyasi huvumilia. Funza wake ndiye mbaya. Huishi chini, kwenye kitako cha shina, pahali ambapo dawa ya kunyunyiza haifiki, na hata ingefika, ng'ombe wanakula hapo na watu wanakunywa maziwa.

Kaka wa marehemu anaishi ng'ambo ya ua wa miti. Ardhi haijagawanywa, hati bado iko kwa jina la baba yao. Si mtu mkorofi. Alikuja akasimama kwenye doa kubwa kuliko yote, akapiga udongo kwa kidole cha mguu, vumbi likaruka.

"Mama, mimi sikufukuzi," alimwambia dada, nikiwa nimekaa hapo nikimenya maembe. "Lakini udongo unaenda. Angalia korongo lile, mwaka jana halikuwa hapo. Mvua ya Machi ikilowesha, kama hii nyasi haijashika, nitaleta ng'ombe wa kulima. Tutapanda ndengu. Tutagawana."

"Na ng'ombe wangu watakula ndengu, shemeji?"

"Ng'ombe wako wanaweza kwenda Mutomo kwa wajomba zenu. Kule kuna pori."

Alisema kwa upole, na hiyo ndiyo iliyonichosha. Bila malisho hakuna ng'ombe, na bila ng'ombe dada angekuwa mtu wa kugawiwa katika boma ambamo kwa miaka yote alikuwa akigawa. Wote watatu tulilijua hilo. Nikaendelea kumenya embe.

Wakati huo nilikuwa tayari nafanya kazi kwenye mradi wa wadudu, Kitui. Tuna vyumba viwili. Cha kwanza ni cha fukusi, na kinanuka nyasi iliyovunda. Cha pili ni cha nyigu. Mtu akisikia nyigu hufikiria yule wa darini anayekuumiza jicho. Hawa ni wadogo kuliko sisimizi, weusi, na hawana habari na binadamu. Tunawaweka kwenye chupa na pamba iliyopakwa asali. Tukitia fukusi ndani, nyigu jike humzunguka, hungoja ainue mguu, humdunga pahali laini na kumwachia yai. Nimeketi mbele ya chupa hizo mchana kutwa nikiangalia jambo linalochukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Fukusi aliyedungwa hafi papo hapo. Hilo ndilo gumu kumweleza mtu. Anatembea, anakula, anapanda majani, ukimgusa anajifanya maiti kama wenzake. Lakini hatagi tena. Buu wa nyigu anakua ndani yake, na baada ya wiki kadhaa anatoka kwa nyuma, anajisokotea kifuko cheupe chini ya takataka za nyasi, na hapo ndipo fukusi anakufa. Kutoka kwenye kifuko anatoka nyigu mwingine, anaenda kutafuta fukusi wa kudunga. Kwa hivyo njia rahisi ya kupeleka nyigu shambani ni kupeleka fukusi waliokwisha kudungwa. Ukitazama kwa macho hutaona tofauti. Unamwona mtu anamwaga wadudu shambani.

Mtafiti wetu ni mtu wa makamo mwenye magoti mabovu na tabia ya kusema "sijui" haraka, jambo ambalo sikulipenda mwanzoni. Nilipomweleza habari za dada alikubali Kathonzweni iwe mojawapo ya sehemu za kujaribia. Alitaka tu kuweza kuwatambua wale wa kwetu baadaye. Tulijaribu wino, ukafutika. Mwishowe nikaleta chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, na tukakaa siku nzima tukiweka nukta moja mgongoni, mmoja mmoja, kwa ncha ya mwiba. Hatukuwamaliza. Rangi iliisha, na mgongo wangu pia. Wengine wakaenda bila alama.

Dada hakumwambia mtu. Nilimuuliza kama angewaeleza wenzake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, wanaolimiana na kuchimbiana mitaro kwa zamu. Akanitazama kana kwamba nimemwomba atembee bila viatu kanisani.

"Nitaanzia wapi? Niseme nimepanda wadudu? Watasema kifo cha baba watoto kimenigeuza kichwa."

Mwezi wa Februari mama yetu alianguka bafuni, nyumbani kwake Mbooni, na dada akapanda mlimani kumwangalia. Alimwachia jirani ng'ombe. Mimi nikabaki na mabeseni. Fukusi hawajui Jumapili wala ugonjwa; usipowakatia nyasi wanakula neti. Tulikuwa tumepanga kundi la pili la kumwaga, na kwa kuwa dada hakuwepo, nilienda peke yangu, sanduku likiwa limefungwa kwa mpira nyuma ya boda boda, vumbi likiniingia mpaka masikioni.

Nilisikia kelele kabla ya kuona kitu. Malishoni kulikuwa na wanawake, wamejipanga mstari kutoka uani hadi korongoni, leso zimefungwa kiunoni, kila mmoja ana ungo. Anauingiza ungo chini ya nyasi, anapiga nyasi kwa kijiti, fukusi wanajifanya wamekufa na kudondoka. Ungo ukipata wa kutosha, anaupeleka kwenye ndoo. Na kando ya ndoo kulikuwa na kuku. Walikuwa wamewaleta kuku wao kwenye matenga, toka majumbani, wakawafungulia hapo. Sijawahi kuona kuku wenye furaha namna ile.

Mwethya haiombwi pale mtu anapokuwa na shida. Walikuwa wamesikia mama yetu ameanguka, walikuwa wameona malisho yanakufa, na wakaamua. Kumuuliza mapema kungekuwa ni kumfanya aombe. Kumsubiri arudi kungemlazimu kuwapikia. Kwa hivyo walikuja akiwa hayupo, na wakaja na sufuria yao ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Nililijua hilo lote nilipowaona tu, na nikashuka kwenye pikipiki, nikafungua mpira wa sanduku.

Mwenyekiti wao ni mama mpana, mcheshi, sauti yake inafika sokoni bila simu. Aliniona akainua ungo.

"Karibu, mwaitu! Umekuja wakati tumemaliza, kama kawaida ya watu wa Kitui!" Akaliona sanduku. "Na soda umetuletea! Baridi! Mungu akuzidishie."

"Si soda, mama."

"Basi ni maziwa ya mgando. Tutakunywa."

Kabla sijajibu, mmoja aliye karibu na korongo akapiga ukemi, akautupa ungo chini na kuruka nyuma.

"Huyu ana damu mgongoni!"

Walikusanyika. Nikasogea nao. Fukusi alikuwa amelala chali, kisha akajigeuza, na nukta nyekundu ikang'aa juani.

"Si damu hiyo," alisema mwingine akiinama. "Hii ni katesi. Rangi ya kucha."

"Fukusi ametoka saluni!" akasema mwenyekiti, na wengine wakacheka, lakini si wote.

"Mimi wa kwangu wawili walikuwa hivyo," akasema mama mmoja mwembamba, polepole. "Nikawarudisha kwa nyasi. Nilidhani ni macho yananidanganya."

"Mimi pia niliwaacha."

"Hata mimi. Kwani nilisema nini? Nilisema moyoni tu, kuku wangu hawali kitu cha watu."

Ikawa wazi kwamba tangu asubuhi kila mmoja alikuwa akikutana na nukta nyekundu, na kila mmoja, bila kumwambia mwenzake, alikuwa akimtoa huyo kwenye ungo na kumrudisha mahali alipomkuta, kwa kijiti, kwa uangalifu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja. Sasa lilikuwa limetajwa, na macho yao yakaanza kuelekea ng'ambo ya ua, kwa kaka wa marehemu. Mtu anayetaka shamba la mjane, na wadudu waliotiwa alama: hesabu hiyo haikuhitaji shule.

"Sikusema," alinong'ona yule mwembamba. "Sikusema kitu mimi."

Nikaona nikinyamaza, kufikia jioni mzee wa watu atakuwa mchawi.

"Ni mimi niliyewapaka," nikasema.

Walinigeukia wote. Nikawaeleza nikiwa nimesimama juani, sanduku miguuni, kuhusu nyigu, yai, buu, na fukusi anayetembea hali amekwisha kuharibiwa kizazi. Niliyasema kwa Kikamba, kwa sababu kwa Kiswahili yalionekana uongo hata masikioni mwangu. Mwenyekiti alisikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Ngoja. Unatuambia hawa wadudu walikuwa dawa."

"Baadhi."

"Na tumewapa kuku."

"Baadhi. Wenye alama mmewaacha. Lakini kuna wengine hatukuwapaka. Rangi iliisha."

"Rangi iliisha," alirudia. Akatazama ndoo, akatazama kuku. "Na ndani ya sanduku kuna nini?"

"Fukusi."

Yule mwembamba akaanza kucheka, akashika mdomo kwa leso, na wote wakafuata. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi sikuweza. Nilikuwa nikiangalia nyasi. Ilikuwa imesafishwa kweli kweli. Watu hawa hawafanyi kazi nusu. Nilipiga shina moja, la pili, la tatu, sikupata fukusi.

Nilimpigia dada simu. Nilipokuwa nikimweleza, nikasikia mama yetu nyuma akiuliza nani amekufa.

"Kuku wamekula wote?" aliuliza.

"Wenye alama wako. Wa kawaida, wengi wameisha."

"Si hiyo ni nzuri?"

"Sijui," nilisema, na nikajisikia nazungumza kama mtafiti.

"Mwambie mwenyekiti nimeshukuru. Mwambie hivyo kwanza. Halafu hao umebeba, wape wao wamwage. Wasije wakafikiri tumewakasirikia."

Basi mwenyekiti na wenzake walipanga mstari tena, wakachukua tena nyungo zao, na kila mmoja akapokea fukusi wake na kuwamwaga pale alipokuwa amewatoa. Kabla ya hapo mwenyekiti aliomba. Alimwomba Mungu ambariki dada na mama yetu, aibariki mvua, na awape hawa wadudu akili ya kufanya kilichowaleta. Kisha tukala muthokoi.

Kaka wa marehemu alikuwa amesimama kando ya ua, upande wake, mikono nyuma. Alituona tangu mwanzo.

"Mchana mnawatoa, jioni mnawarudisha," aliniambia nilipokwenda kumsalimia. "Mimi nimeshindwa na hesabu zenu, mama. Nangoja mvua."

Mtafiti alikuja baada ya siku chache. Hakukasirika, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Alipiga magoti kwa shida, akaanza kufukua takataka za nyasi kwa kijiko cha chai, na mimi upande wa pili na kijiko changu. Jua lilipoanza kuuma mgongo nikapata kifuko cha kwanza, cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele. Tukapata vingine. Kimoja kilikuwa kimetobolewa juu, duara safi, kitupu. Nyigu alikuwa ametoka.

"Wanatoka," nikasema.

"Wanatoka," alikubali. Akabaki amepiga magoti, akitazama ile nyasi iliyosafishwa. "Sasa wakitoka watamdunga nani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nyigu haishi kwa nyasi, anaishi kwa fukusi. Wale wa sanduku la pili wamekwisha kudungwa tayari, na wa dada walikuwa tumboni mwa kuku wa kijiji kizima. Mwaka huu huenda nyasi ikapumua kwa sababu ya nyungo za wanawake. Lakini funza waliokuwa tayari chini hawakuguswa na mtu, wangepanda wakiwa fukusi mvua ikija, na kama wakati huo nyigu watakuwa wamekufa kwa kukosa fukusi wa kudunga, dada angekuwa amerudi pale alipoanzia, na shemeji yake akiwa na haki yote.

"Lazima wavuke," alisema mtafiti, akionyesha ua kwa kijiko.

Ng'ambo ya ua, kwenye ukingo ambao kaka wa marehemu huuacha kwa ajili ya mbuzi, kuna mbeetwa iliyojipanda yenyewe, na fukusi tele. Mwethya haikufika huko. Kama nyigu walivuka, huko ndiko waliko. Tulikwenda kumwomba ruhusa. Alikuwa akinoa panga, hakuinua kichwa.

"Chukueni. Mimi siwahitaji," alisema. Kisha akaongeza, "Na mkiona kitu, mniambie. Sipendi kulima shamba la mtu kwa kubahatisha."

Nilimtazama vizuri siku hiyo. Alikuwa amechoka kama sisi. Nadhani yeye pia anajua kaka yake aliokota zile mbegu moja moja.

Tulikusanya fukusi wa ukingo ule, nikaja nao Kitui. Mtafiti aliwapasua wachache chini ya hadubini. Buu akiwa mchanga haonekani kirahisi. Ndani ya mmoja aliona kitu ambacho hakuwa tayari kukipa jina. Waliobaki tukakubaliana tuwaache hai kwenye beseni lao, tungoje. Kama wamedungwa na nyigu wetu, buu atatoka na fukusi atakufa. Kama hawakudungwa, watataga.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha Mbooni, kisha ikateremka. Dada amerudi nyumbani. Nyasi imetoa machipukizi, anasema, lakini kwenye madoa bado ni udongo mtupu, na kwa macho tu mtu hawezi kusema imeshika au haijashika. Anapiga simu kila jioni, na hasalimii tena.

"Wametaga?"

"Hawajataga."

"Hiyo ni nzuri ama ni mbaya?"

Nimemweleza mara kadhaa. Fukusi aliyedungwa hatagi. Lakini fukusi aliyezeeka pia hatagi, na aliyebebwa kwenye sanduku kwa barabara mbovu anaweza kukaa wiki nyingi bila kutaga, kwa mshtuko tu. Ananisikiliza mpaka mwisho, halafu ananieleza alichokiona yeye. Jana shemeji yake alitoa ng'ombe wa kulima. Ameanza na upande wake, kutoka mwisho wa mbali, mfereji kwa mfereji, akija kuelekea ua na ule ukingo wa fukusi.

Asubuhi ya leo nimewabadilishia nyasi. Wanakula. Hakuna aliyekufa, na hakuna aliyetaga.